Jinsi Biblia Yetu ya Kiswahili Ilivyopatikana



Katika jubilei hii tumehesabu mengi. Tumehesabu makanisa yaliyojengwa, mapadre na mashemasi waliowekewa mikono, shule zilizofunguliwa, na makaburi ya wale waliotutangulia. Ni haki kufanya hivyo. Walakini kipo kitu kimoja ambacho hatukukihesabu, kwa sababu tumekizoea mno, nacho ni Biblia ile isomwayo kanisani Jumapili kwa Jumapili. Wakristo wengi hudhani ya kuwa kitabu hiki kilitoka Ulaya kikiwa kimekwisha kutengenezwa, kikashushwa melini pamoja na kengele na vikombe vya Ushirika. Sivyo hata kidogo. Tangu maneno ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo kuandikwa kwa Kiswahili huko Mombasa mwaka 1844, hata ilipotoka Biblia nzima ya Tafsiri ya Umoja mwaka 1952, ilipita miaka 108.

Nimeona yafaa kuieleza habari hiyo hapa, maana siku hizi katika mitaa yetu yako mabishano juu ya Biblia. Wazee wengine hawataki kusikia tafsiri mpya; vijana wasema ya zamani ina maneno wasiyoyajua. Kila upande huona kana kwamba mwenzake analigusa Neno la Mungu lenyewe. Mtu akijua jinsi kitabu chake kilivyopatikana, hubishana kwa upole zaidi. Basi nisikilizeni kidogo.

Mwanzo wake Mombasa

Tangu zamani za babu zao Waswahili walikuwa wakiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, tena walikuwa na tenzi ndefu za dini ya Kiislamu. Kwa hiyo si kweli kusema ya kuwa Kiswahili hakikuwa lugha ya kuandikwa mpaka walipokuja wamisionari. Kilichokuwa hakijaandikwa kwa Kiswahili ni Maandiko Matakatifu.

Aliyeanza ni Dr. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, mzaliwa wa Derendingen karibu na mji wa Tübingen, aliyetumwa na chama cha CMS cha Uingereza. Alikuwa amekwisha kukaa Habeshi miaka kadhaa, akajua Kiarabu na lugha za kule. Mwezi wa Januari 1844 alifika Unguja, akapata barua ya kibali kwa Sultani Said, kisha akahamia Mombasa. Tarehe 8 Juni mwaka ule akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Aliyeketi naye kumsaidia ni Sheikh Ali, mwenyeji wa Barawa, ambaye ndiye aliyekuwa kadhi wa Mombasa. Baadaye Krapf mwenyewe aliandika ya kuwa aliihesabu siku ile kuwa mojawapo ya siku kubwa za maisha yake.

Natulitazame jambo hili vizuri. Katika kazi hii ya kwanza Mkristo kutoka Ulaya aliketi pamoja na mwamuzi wa Kiislamu wa pwani, wakitafuta maneno ya kueleza kuumbwa kwa mbingu na nchi. Habari za Adamu, na Nuhu, na Ibrahimu hazikuwa ngeni kwa Sheikh Ali, kwa kuwa zilikuwamo katika dini yake pia. Maneno ya dini aliyokuwa nayo yalikuwa ni yale yaliyotumika misikitini na katika vyuo vya pwani, na mengi ya maneno hayo yalitoka katika Kiarabu. Nabii, malaika, dhambi, sadaka, rehema: hayo yote yalikuwa yakinenwa pwani kabla ya Mkristo wa kwanza kubatizwa huko. Mtu akiuliza leo kwa nini Biblia yetu ina maneno mengi yenye asili ya Kiarabu, jibu laanzia hapa.

Furaha ya Krapf haikukaa. Mwezi uliofuata, Julai 1844, mkewe Rosine alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Wakazikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Krapf naye alikuwa mgonjwa sana, walakini hakuiacha kazi. Mwaka 1846 akajiwa na mwenzake Johannes Rebmann, naye Mjerumani, wakakaa Rabai. Sura za kwanza za Mwanzo zikapigwa chapa Marekani mwaka 1847, katika kitabu cha chama cha wataalamu wa lugha za mashariki, na mwaka 1850 Krapf akatoa sarufi ya Kiswahili. Alipoondoka pwani mwaka 1853, Rebmann alibaki Rabai hata mwaka 1875, akarudi kwao akiwa kipofu. Injili ya Luka aliyoitafsiri ilipigwa chapa mwaka 1876, na mwaka ule ule akafa. Krapf alikufa mwaka 1881, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka uliofuata.

Mengi waliyoyaandika watu hawa wawili yalibaki katika karatasi tu, wala hayakusomwa kanisani. Lakini wote waliokuja baada yao waliokota katika shamba lao.

Unguja, penye soko la watumwa

Mwaka 1864 Askofu Tozer na Padre Edward Steere, wa Misheni ya Vyuo Vikuu, walifika Unguja. Misheni hiyo ilianzishwa kwa ajili ya mwito wa Dr. Livingstone, ikaanza kazi katika nchi za Shire mwaka 1861, ikapata misiba mingi ya homa na vita, ikaondoka huko. Sultani Majid akawapa watoto watano waliokombolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa mwanzo wa shule yao. Mmoja wao, John Swedi, baadaye alipewa daraja ya ushemasi.

Steere alikuwa amesomea sheria, tena alijua kazi ya kupiga chapa. Alileta mtambo wake, akawafundisha vijana kupanga herufi, hata karatasi za Kiswahili zikaanza kutoka mikononi mwa wale ambao jana yake tu walikuwa bidhaa. Yeye mwenyewe aliketi na wasimuliaji wa hadithi wa mjini akiandika maneno kama walivyoyatamka, kwa sababu aliona ya kuwa mfasiri asiyejua jinsi watu wanavyosimulia hawezi kusimulia habari za Bwana wetu. Hadithi hizo zilitoka katika kitabu mwaka 1870, pamoja na kitabu chake cha sarufi na maneno ya Kiswahili kama kisemwavyo Unguja.

Yako mambo mamoja katika habari za Steere ambayo napenda kila mwalimu ayakumbuke. Mtu mmoja mwenye elimu kuu pale mjini, Sheikh Abdul Aziz, kwa wema wake alijitolea kuzitafsiri Zaburi kutoka katika Kiarabu, kwa Kiswahili kilicho safi na bora kabisa. Akafanya zaburi chache za mwanzo. Zilikuwa nzuri mno. Lakini Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, kazi ikaenda polepole. Tena Steere akaona ya kuwa lugha yake ilikuwa ya wataalamu, wala haikufaa kwa watu wale ambao tafsiri ilikuwa ikifanywa kwa ajili yao. Basi akaziacha. Hata hivyo alizipiga chapa zaburi zile, ziwe ukumbusho wa wema wa Sheikh na mfano wa Kiswahili cha mtu mwenye elimu.

Ni watu gani, basi, waliohitaji lugha nyepesi zaidi? Walikuwa watoto waliotekwa bara: Wayao, Wanyasa, Wamakua, na wengine wa makabila mengi. Kiswahili hawakukinyonya kwa mama zao. Walijifunza njiani, jahazini, na nyumbani mwa mabwana. Lugha ile ya utumwa ndiyo sasa waliyosomewa habari ya ukombozi. Steere angalichagua Kiswahili cha Sheikh, wenye elimu wangalimsifu, na watoto wale wangalikaa bila kusikia. Alichagua wasikie. Naona ya kuwa Biblia yetu ilipata tabia yake siku ile.

Injili ya Mathayo ilipigwa chapa London mwaka 1869, na Zaburi mwaka 1871, kwa msaada wa Chama cha Biblia cha Uingereza. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash akalifunga soko la watumwa la Unguja, na siku ya Krismasi mwaka ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu mahali pale pale. Mwaka 1874 Steere akawa askofu, na mwaka 1879 Agano Jipya zima likatoka. Alikufa Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Wenzake wakaishika kazi ya Agano la Kale, hata mwaka 1890 Biblia nzima ya Kiunguja ikatimia. Katika mwaka huo huo Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, alifanywa padre, naye ndiye Mwafrika wa kwanza wa Misheni ile kupata daraja hiyo.

Kitabu hicho kikachukuliwa na walimu waliosomeshwa Kiungani, kikafika Magila na Masasi na mahali pengine pa bara. Kiswahili cha Unguja kilikuwa kimekwisha kwenda mbele yao na misafara ya biashara hata Tabora na Ujiji, kwa hiyo mwalimu alipofungua kitabu penye kijiji cha mbali, mara nyingi alimkuta mtu wa kumwelewa.

Biblia ya Kimvita

Watu wa Mombasa hawakupendezwa na habari hiyo, nao walikuwa na sababu. Kimvita ni lugha ya washairi. Mtu wa Mvita husema nti, mato na kitwa, pale ambapo wa Unguja husema nchi, macho na kichwa, tena kitabu kwa lugha yake ya zamani ni chuo. Ukimsomea Maandiko kwa Kiunguja, ataelewa, lakini atasikia sauti ya mgeni.

Padre William Ernest Taylor wa CMS alikuja pwani mwaka 1880. Aliipenda lugha ya Mombasa kama watu wachache walivyopata kuipenda. Mwalimu wake alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mvita aliyejua mashairi ya kale, na kwa msaada wake mashairi mengi ya Muyaka yaliokolewa yasipotee. Mwaka 1891 Taylor alitoa kitabu cha mithali za Waswahili. Yeye aliona ya kuwa Neno la Mungu lapasa kuvikwa vazi bora la lugha, wala si vazi la sokoni tu. Kazi yake na ya wenzake ikazaa matunda: Agano Jipya la Kimvita lilitoka mwaka 1909, na Biblia nzima mwaka 1914.

Basi vita kuu ilipoanza mwaka 1914, palikuwa na Biblia mbili za Kiswahili. Mkristo wa Mombasa alisoma moja, na Mkristo wa Magila alisoma nyingine. Walipokutana, walisali kwa Baba mmoja kwa vitabu viwili.

Bwana Roehl na maneno ya Kibantu

Haikuisha hapo. Mmisionari wa Kijerumani, Karl Roehl, alikaa Usambara miaka mingi, akakijua Kishambaa vema hata akaandika sarufi yake mwaka 1911. Yeye alitazama Kiswahili kutoka bara, si kutoka pwani. Akauliza: Kwa nini mtu wa bara, ambaye lugha yake ni ndugu ya Kiswahili, ajifunze maneno ya Kiarabu ili apate kumjua Mungu? Na tena, je, maneno yale yaliyozoea kukaa msikitini hayatamletea msomaji maana ya kule?

Kwa hiyo alifanya tafsiri ambayo ndani yake maneno mengi yenye asili ya Kiarabu yaliondolewa, na ya Kibantu yakawekwa mahali pake. Kuhani akawa mtambikaji. Nabii akawa mfumbuaji. Injili ikawa Utume mwema. Mahali pa kuamini, mara nyingi aliweka kutegemea. Agano lake Jipya lilitoka mwaka 1930, na Biblia nzima ikapigwa chapa Stuttgart mwaka 1937. Wakristo wengi wa Kilutheri waliipenda, nao waliendelea kuisoma miaka mingi.

Mambo haya yaliwafanya wataalamu wabishane. Mwaka 1930 Roehl alieleza fikira zake katika jarida la lugha na mila za Afrika lililotolewa London, na Kanoni G. W. Broomfield wa Misheni ya Vyuo Vikuu akamjibu katika jarida lile lile mwaka ule, akarudia tena mwaka 1931. Broomfield alishika ya kuwa maneno yaliyokwisha kuingia katika Kiswahili na kueleweka na watu ni Kiswahili, wala hapana haja ya kuyafukuza.

Mimi si mtaalamu, lakini nimefundisha wakatekumeni, nami naona haki katika pande zote mbili. Neno kutegemea ni zuri sana. Mtoto aliyepanda mgongoni mwa mama yake ajua maana yake kabla hajajua kusoma. Lakini tambiko je? Kwa watu wetu wengi wa bara, kutambika ni kuwapelekea wazee waliokufa unga na pombe penye kaburi au chini ya mti. Roehl aliogopa ya kuwa kuhani ananukia msikiti. Mwingine ataogopa ya kuwa mtambikaji ananukia mizimu. Mfasiri aliyekimbia hatari moja alikutana na nyingine. Hapana neno katika lugha yo yote lililozaliwa likiwa la Kikristo. Hata wale Mitume walioandika kwa Kiyunani walitumia maneno yaliyotumika kwanza na watu wa mataifa.

Tena tazama jinsi Kiswahili kinavyowapokea wageni. Mwarabu husema kitabu kimoja kwa neno lililo karibu na letu, lakini vikiwa vingi yeye husema kutub. Sisi twasema vitabu, kana kwamba neno lilizaliwa hapa hapa pamoja na viti na visu. Msalaba asili yake ni Kiarabu, nasi twasema misalaba kama tusemavyo miti. Na jina lile kubwa, Mwenyezi, nusu yake ya kwanza ni mwenye, neno la Kibantu, na nusu ya pili ni enzi, neno lililotoka ng'ambo. Nani awezaye kulikata jina hilo katikati?

Tafsiri ya Umoja

Baada ya vita ile serikali za nchi hizi ziliona haja ya Kiswahili kimoja kwa ajili ya shule. Wakakutana Dar es Salaam mwaka 1925, na Mombasa mwaka 1928, na katika mkutano huo wa pili lugha ya Unguja ikachaguliwa iwe msingi. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi nne: Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja. Hatuna budi kusema kweli: kwa miaka mingi ya mwanzo wajumbe wa kamati hiyo walikuwa Wazungu watupu. Lugha iliyoamuliwa ilikuwa yetu, na walioamua walikuwa wageni. Wazee wengi wa pwani waliona uchungu juu ya jambo hilo.

Sasa vitabu vya shule vikawa vya namna moja, na vitabu vya kanisa vikabaki vya namna tatu. Mtoto alisoma darasani Kiswahili sanifu, na Jumapili akasikia Kimvita, au Kiunguja cha zamani, au Kiswahili cha Roehl. Watu walikuwa wakihama kwa kazi, kutoka mashamba ya mkonge hata bandarini na relini, nao walifika katika makanisa ya wengine wakisikia Maandiko wasiyoyazoea. Ndipo misheni mbalimbali na Chama cha Biblia walipofanya shauri la kuwa na tafsiri moja kwa wote. Agano Jipya la tafsiri hiyo lilitoka mwaka 1950, na Biblia nzima mwaka 1952. Ikaitwa Tafsiri ya Umoja, nayo ndiyo ambayo wengi wetu tulilelewa nayo.

Jina hilo si la bure, kwa maana umoja ule ulikuwa na gharama. Wa Mvita waliacha nti yao na chuo chao, yaani walikubali kusikia Neno la Mungu kwa lafudhi ya jirani. Wale waliozoea tafsiri ya Roehl waliombwa kurudia kuhani na nabii. Na watu wa Unguja pia hawakubaki na kitabu chao kama kilivyokuwa, maana kazi ya Steere na wenzake ilipitiwa upya, ikatengenezwa kufuata Kiswahili sanifu. Hapana kundi lililopata yote liliyoyataka. Wako waliokubali kwa moyo, na wako waliokubali kwa shida, na wako ambao hawakukubali kabisa, wakaendelea na kitabu chao cha kwanza. Wala haifai kuwalaumu. Mtu aliyezikiwa baba yake kwa maneno fulani ni vigumu kumwambia ayaache maneno hayo.

Lakini faida yake twaiona. Mkristo wa Lamu na Mkristo wa Songea, Mwanglikana na Mlutheri na Mmoravian, waweza kutaja sura na mstari wakayasema maneno yale yale kwa moyo.

Waliosaidia

Kabla sijaeleza yaliyofuata, nataka kuwakumbuka watu ambao majina yao hayakuandikwa juu ya jalada. Vitabu vya zamani hutaja jina la Mzungu aliyeshika kalamu. Lakini Mzungu huyo alipokwama katika neno, alimwuliza mtu. Twalijua jina la Sheikh Ali, na la Sheikh Abdul Aziz, na la Mwalimu Sikujua, na hao wote watatu walikuwa Waislamu. Wako na wengine wengi, walimu na wanafunzi na watumishi, ambao jibu lao limo katika Biblia na jina lao halimo po pote. Kila mara tusomapo somo, twasoma pia majibu yao.

Jambo hili litufundishe adabu kwa jirani zetu Waislamu. Sehemu kubwa ya maneno tunayomwombea Mungu tuliazima nyumbani kwao, nao walitupa kwa ukarimu, tena wakiwa wanajua twataka kuyafanyia nini.

Yaliyofuata, na yatupasayo sisi

Kazi haikukoma mwaka 1952. Wakatoliki nao walitafsiri Maandiko kwa ajili ya watu wao. Baadaye Wakatoliki na Waprotestanti wakaketi pamoja, wakatoa Agano Jipya la Habari Njema mwaka 1977, na Biblia nzima ya Habari Njema katika miaka ya 1990. Katika kazi hiyo watafsiri wakuu walikuwa wenyeji wa Afrika Mashariki. Yule aliyekuwa akiulizwa neno sasa ndiye aliyeshika kalamu. Walitafuta Kiswahili cha siku zao, chepesi kwa msomaji asiye na mwalimu karibu.

Basi tukirudi katika mabishano yetu ya mitaani, nasema hivi. Mzee aipendaye Tafsiri ya Umoja asiseme ya kuwa tafsiri mpya inaharibu Neno, maana kitabu anachokipenda kilikuwa kipya mwaka 1952, na siku ile wako wazee waliolia kwa ajili ya Kimvita chao. Kijana naye asiseme ya kuwa kitabu cha wazee kimepitwa. Kilitengenezwa na watu walioacha vilivyo vyao ili babu yake na babu ya jirani yake wasome pamoja, na urithi wa namna hiyo hautupwi kwa sababu ya maneno kumi magumu.

Kwenu walimu wenzangu ninayo maombi matatu. La kwanza, tusiwasomee watu madhabahu, na upatanisho, na kuhesabiwa haki, tukapita kana kwamba kila mtu ameelewa. Steere aliziacha zaburi nzuri za Sheikh kwa ajili ya watoto wasiozifahamu. Sisi tukisoma bila kueleza, twairudisha kazi nyuma. La pili, tuwe na tafsiri zote mbili mezani tunapotengeneza mafundisho, tukilinganisha, na yule aliye na Biblia ya Roehl ya baba yake ailete pia, kwani mara nyingi neno moja la Roehl hufungua mlango uliokuwa umefungwa. La tatu, tuwaulize wazee wa mitaa yetu, wangali hai, habari za wale walimu wa kwanza waliozunguka na kitabu vijijini: majina yao, vijiji vyao, na maneno waliyotumia kueleza mambo magumu kwa lugha za nyumbani. Tuyaandike. Majina mengi yalipotea Mombasa na Unguja kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeona yafaa kuyaandika, nasi tusifanye hivyo katika dayosisi yetu.

Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu katika lugha yake, na walionena ni watu wa Galilaya ambao wenye elimu hawakuwahesabu kuwa kitu. Kwetu sisi Mungu alipenda kuitumia lugha ya pwani, lugha ya washairi na wachuuzi na watumwa, ikavuka milima kwa miguu ya walimu. Na tumshukuru kwa ajili ya wote walioitenda kazi hiyo, wanaojulikana na wasiojulikana, na tumwombe atujalie kulisoma Neno lake kwa sauti ambayo hata mtoto aliye mlangoni ataisikia na kuielewa. Amina.